Trekta Lililokitosha Kilima

Mohinder Singh alikuwa na kazi mbili. Asubuhi na alasiri aliendesha basi la shule. Kati ya safari hizo alikuwa mkulima wa bluberi, yale matunda madogo meusi-buluu ambayo sasa yamejaa vilima vyetu vyote hapa Woolgoolga, pwani ya mashariki ya Australia. Shamba lake lilikuwa la hekta nne. Zamani lilikuwa la migomba. Ndizi zilipoacha kulipa, baba yake aling'oa migomba, akapanda bluberi juu ya matuta, mstari baada ya mstari, kutoka bandani mpaka karibu na kilele.

Mkewe, Jasvir Kaur, alishinda shambani. Alipogoa, alichuma, alipanga matunda vikashani. Mama mkwe wake, Bachint Kaur, alikaa bandani akichambua. Matunda mazuri huku, yaliyopondeka kule. Alikuwa mzee, lakini tunda bovu halikumpita.

Kwa miaka mingi walimkodi mtu mwenye trekta. Alikuja, akafyeka nyasi kati ya mistari, akapiga dawa, akanywa chai, akaenda. Mwaka ule mtu huyo aliuza vitu vyake, akahamia kusini kwa wajukuu zake. Hapo ndipo shida ilipoanza.

Mvua ya msimu wa joto ilinyesha mfululizo. Nyasi zilifika magotini. Jasvir alifyeka kwa mashine ya kubeba begani. Alipofika juu, chini kulikuwa kumeota tena. Usiku bega lilimuuma hata akashindwa kulilalia.

Kisha mchumaji mmoja akakutana na nyoka mweusi mwenye tumbo jekundu katikati ya mstari. Akaweka ndoo chini.

"Dada Jasvir," alisema, "mimi siingii tena humo mpaka nione ninapokanyaga."

Wenzake nao waliweka ndoo chini. Kesho yake walikwenda kuchuma kwenye shamba jingine. Bluberi zikaanza kuanguka zenyewe.

Jioni ile familia ilikula roti, chapati zetu, na dengu bila maneno mengi. Mwishowe Mohinder akasema, "Basi. Nanunua trekta."

"Afadhali," alisema Jasvir.

"Na nikinunua, nanunua trekta. Sinunui toroli lenye injini."

Bachint Kaur alicheka. "Kijijini kwetu Punjabu, trekta lilisimamishwa mlangoni. Mtu akipita barabarani, analiona kabla ya kuiona nyumba. Baba yako alilitamani sana la kwake. Hakulipata."

"Ndiyo maana nataka la kweli, Mama. Kubwa. Lenye kibanda cha dereva."

Jasvir alimwongezea mumewe dengu. "Litapita kwenye mistari?"

"Trekta lenye nguvu linapita popote."

"Nauliza upana, baba watoto. Sikuuliza nguvu."

Mohinder aliendelea kutafuna. Hakupenda kutafuta jibu mbele ya mama yake.

Jasvir alikuwa na kaka anayeitwa Tarlok. Tarlok alilima mboga kwenye bonde tambarare, kilomita chache kaskazini. Alikuwa na trekta kubwa la buluu, lenye nguvu za farasi mia moja na ishirini. Kwa ardhi yake, trekta lile lilifaa kabisa. Lilivuta jembe zito kwenye shamba pana, na lilikuwa na nafasi ya kugeukia.

Tarlok alipenda kumtania Mohinder, kama mashemeji wanavyotaniana.

"Shemeji, nasikia nyasi zako zimekuwa ndefu kuliko wewe," alisema kwenye simu.

"Nakuja kununua trekta kubwa kuliko lako, halafu tutaona nani mfupi."

"Usinunue kabla hujajaribu. Nitakuletea langu Jumamosi. Ukiliweza, nunua mwenzake. Ukishindwa, nitakununulia mbuzi."

Jumamosi Tarlok alilileta mwenyewe, na nyuma yake mashine ya kufyekea. Lilijaza barabara ya shamba. Kwenye geti, gurudumu la nyuma lilikwangua nguzo. Bachint Kaur alitoka bandani kulitazama. Alipiga makofi kidogo. Mohinder alipanda, akakaa ndani ya kibanda, akajiona yuko juu ya dunia.

Mstari wa kwanza ulimshusha. Magurudumu yalipanda juu ya matuta, kulia na kushoto. Matawi yalivunjika pande zote mbili. Paa la kibanda lilikamata wavu wa kuzuia ndege, likauvuta mpaka ukachanika. Mohinder alisimama. Jasvir alimfuata kwa nyuma, akaokota tawi lililojaa matunda. Alilibeba tu mkononi.

"Sawa," alisema Mohinder kupitia dirishani. "Humu halifai. Nitafyeka kule juu, palipo wazi."

"Juu kuna maji leo," alisema Jasvir.

"Hili lina tani nne, mama watoto. Halipeperuki."

Juu ya mistari kulikuwa na kipande chenye mteremko mkali. Mohinder alipanda pembeni ya shamba, akafyeka akipanda, na kazi ilikwenda vizuri. Alifika juu, akageuza. Alipoanza kushuka, aliona linakwenda kasi kuliko alivyotaka. Akakanyaga breki.

Magurudumu yalisimama. Trekta halikusimama.

Liliteleza juu ya nyasi mbichi kama sabuni kwenye sinia. Chini yake moja kwa moja lilikuwa banda, na bandani alikuwa Bachint Kaur, ameinama juu ya matunda yake. Jasvir aliona. Alidondosha tawi, akakimbia kuelekea bandani akimwita mama mkwe wake. Tarlok naye alikimbia, lakini alikuwa mbali.

Gurudumu la mbele liliingia kwenye mtaro wa maji. Trekta lilipinda, likainama upande mmoja, likaegemea kisiki cha mkaratusi. Hapo likatulia. Injini iliendelea kunguruma kidogo, kisha Mohinder akaizima.

Mohinder alishuka polepole, akishika kila chuma alichokifikia. Kilemba chake kilikuwa kimesogea upande. Alikwenda moja kwa moja bandani. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, na Jasvir amemkumbatia kwa mikono miwili.

Mohinder aliinama akamgusa mama yake miguu kwa heshima.

"Inuka," alisema Bachint Kaur. "Mimi mzima. Wewe mzima. Tumshukuru Mungu, halafu tunywe chai."

Tarlok alifika akihema. Alilitazama trekta lake lililoinama, akamtazama shemeji yake. Mohinder alidhani atasikia maneno makali.

"Chuma kitatengenezwa," alisema Tarlok. "Kaa chini, ndugu yangu."

Kelele ile ilimleta jirani wa upande wa juu. Aliitwa Glenys Tranter. Alilima parachichi, na siku kadhaa kwa wiki alifundisha watu kuendesha trekta kwenye chuo cha ufundi. Alikuja na gari lake na mnyororo mzito. Alilizunguka lile trekta, akaingiza vipande vya mbao chini ya magurudumu ili lisisogee.

"Lazima tulitoe leo?" aliuliza Tarlok.

"La. Leo linaweza kupinduka. Tusubiri udongo ukauke, kisha tulivute kwa juu. Asikaribie mtu yeyote upande wa chini."

Jasvir alimpa chai yenye maziwa na iliki. Glenys aliipokea kama mtu wa nyumbani. Mohinder alikaa juu ya kreti lililopinduliwa, kichwa chini.

"Nilikanyaga breki," alisema. "Naendesha basi miaka yote hii, jirani. Najua breki."

"Breki zako zilifanya kazi. Magurudumu yalisimama. Tatizo ni kwamba nyasi zilizolowa hazina kitu cha kushikia. Uzito wote ule ukishaanza kwenda, hakuna wa kuuzuia. Hapo mteremko ni mkali mno kwa trekta lolote, liwe kubwa au dogo. Hata mimi kipande changu cha namna ile sikifyeki kwa trekta."

"Unakifanyaje?"

"Nimepanda miti ya asili. Miti haihitaji kufyekwa."

Mohinder aliinua uso. "Kwa hiyo niache kununua trekta?"

"Sikusema hivyo. Unalihitaji. Ila ulianza na trekta. Anza na ardhi. Tutembee."

Walitembea wote wanne: Glenys, Mohinder, Jasvir na Tarlok. Glenys alitoa tepu ya kupimia mfukoni. Alimpa Jasvir ncha moja. Walipima nafasi kati ya matawi ya mstari mmoja na matawi ya mstari unaofuata.

"Mita moja na robo tatu hivi," alisoma Jasvir.

"Sasa trekta la kaka yako, kutoka nje ya tairi hii mpaka nje ya tairi ile?"

Tarlok alijibu mwenyewe, kwa sauti ya chini. "Mita mbili na zaidi."

"Basi halikuwa na kosa, na wewe Mohinder hukuwa mjinga," alisema Glenys. "Halikutosha tu. Ni kama kuingiza mguu wa baba kwenye kiatu cha mtoto."

Wakaendelea. Walipima geti. Walipima urefu wa wavu kutoka chini. Walipima mlango wa banda ambamo trekta lingelala. Mwisho wa mstari, Glenys alisimama.

"Hapa ndipo utakapogeuka. Una nafasi kiasi gani?"

Mohinder aliangalia. Hakuwahi kulifikiria hilo. Trekta refu lingelazimika kurudi nyuma mara kadhaa, juu ya mteremko, kila mwisho wa mstari.

Glenys alichuchumaa, akachimba udongo kwa kidole. "Angalia pale lilipopita. Udongo umeshindiliwa mpaka umekuwa kama sakafu. Mizizi ya bluberi iko juu juu, inahitaji hewa na maji. Trekta zito likipita hapa mwaka mzima, mimea itadhoofika, nawe utadhani ni ugonjwa."

"Kumbe lile la mwenzetu aliyehama lilikuwa jepesi," alisema Jasvir.

"Ndiyo. Na sasa nina swali kubwa kuliko yote," alisema Glenys. "Nani ataliendesha?"

"Mimi," alisema Mohinder.

"Mimi," alisema Jasvir, wakati uleule.

Wakatazamana.

"Wewe uko kwenye basi asubuhi," alisema Jasvir. "Alasiri uko kwenye basi. Dawa hupigwa asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka. Nyasi zinafyekwa mchana kukavu. Utaliendesha saa ngapi? Likizo?"

Tarlok alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka.

Mohinder alimtazama mkewe. Alikuwa mfupi, kichwa chake kilimfika Mohinder begani. Alikumbuka kanyagio za lile trekta la buluu zilivyokuwa mbali. Alikumbuka bega la mkewe, na jinsi alivyokuwa akilikanda kila usiku.

"Hujaniambia unataka kuendesha," alisema.

"Hujaniuliza."

Lilikuwa jibu fupi, lakini halikuwa na hasira. Mohinder aliitikia kwa kichwa. "Ni kweli," alisema. "Basi tutatafuta linalokufaa wewe."

Wiki ile Jasvir alijifunza kuendesha kwenye trekta la Glenys, sehemu tambarare. Alijifunza kufunga mkanda kabla ya kuwasha. Alijifunza kuchagua gia ya chini kabla ya kuanza kushuka, ili injini yenyewe izuie mwendo. Alijifunza kutoweka gia huru mteremkoni hata kidogo. Glenys alimrudisha nyuma kila alipokosea, bila kupaza sauti.

"Umekanyaga klachi unashuka," alisema. "Ukikanyaga klachi, umelifungua trekta likimbie. Rudia."

Jasvir alirudia mpaka miguu ikazoea.

Udongo ulipokauka, walilivuta trekta la Tarlok kutoka mtaroni, polepole, kwa mnyororo. Lilikuwa limepinda kitu kidogo mbele. Tarlok aliondoka nalo barabarani. Kwenye geti alisimama, akatoa kichwa nje.

"Shemeji, mbuzi unamtaka wa rangi gani?"

Ilikuwa mara ya kwanza Mohinder kucheka tangu Jumamosi ile.

Mohinder, Jasvir na Glenys walikwenda mjini kwa muuza matrekta. Muuzaji aliwapokea vizuri. Alimpeleka Mohinder moja kwa moja kwenye trekta kubwa lililong'aa mbele ya duka.

"Mzee, hili ndilo la wanaume," alisema.

"Dereva ni huyu," alisema Mohinder, akamwonyesha mkewe.

Muuzaji aligeuka. Alianza upya, na safari hii alimtazama Jasvir.

Mwanzoni Mohinder alivutwa na trekta dogo sana, la nguvu za farasi ishirini na tano. Baada ya hofu ile, alitaka kitu kidogo kadiri iwezekanavyo. "Hili ni jepesi," alisema. "Linapita kokote. Tuchukue hili twende zetu."

Glenys alimgeukia Jasvir. "Tangi lako la dawa ni la lita ngapi?"

"Mia sita."

"Likijaa, pamoja na mashine yake, linakaribia tani moja. Trekta hili uzito wake haufiki hapo. Ukishuka mstarini nani atamwongoza mwenzake?"

Jasvir alifikiri. "Tangi litanisukuma."

"Litakusukuma. Na ukipanda, injini italia kama mgonjwa. Dogo mno nalo ni hatari."

Mohinder aliondoa mkono juu ya lile trekta dogo kana kwamba lina moto.

Glenys akawaeleza jambo jingine. Nguvu iliyoandikwa kwenye injini haifiki yote nyuma, kwenye shafti inayozungusha mashine ya kufyekea na pampu ya dawa. Nyingine hupotea njiani. Kwa hiyo mnunuzi aulize nguvu ya shafti, asiangalie ile iliyoandikwa ubavuni peke yake. Kwanza ajue mashine zake zinahitaji nguvu kiasi gani, kisha aongeze kidogo kwa ajili ya mlima.

Jasvir aliyashika maneno hayo. Walipofika kwenye trekta la tatu, alianza kuuliza mwenyewe.

"Nguvu ya nyuma, kwenye shafti, ni kiasi gani?"

"Arobaini. Injini yenyewe hamsini," alijibu muuzaji.

"Upana, nje ya tairi mpaka nje ya tairi?"

"Mita moja na nusu kasoro kidogo. Magurudumu yanaweza kusogezwa nje au ndani."

"Yaache nje kadiri mistari inavyoruhusu," alisema Glenys. "Trekta jembamba hupinduka upesi ubavuni. Mteremkoni tunatafuta pana na fupi kwenda juu, lakini linalopita."

"Linavuta kwa magurudumu yote manne?" aliuliza Jasvir.

"Ndiyo, dada."

"Na hii fremu ya chuma juu ya kiti?"

"Ni ya kumkinga dereva likipinduka. Unaweza kuilaza ukiingia mahali pa chini."

"Kwetu wavu uko juu. Haitalazwa," alisema Jasvir.

Glenys alitabasamu. "Fremu ikiwa imesimama na mkanda umefungwa, hivyo viwili ndivyo vinavyomrudisha mtu nyumbani. Kimoja bila kingine hakisaidii."

Jasvir alipanda. Alisogeza kiti mbele. Alikanyaga klachi mpaka mwisho, akakanyaga breki mpaka mwisho, bila kuteleza kwenye kiti. Aligeuza shingo, akaiona sehemu ya nyuma ambako mashine hufungwa. Mikono ilifika kila mahali. Alikaa pale muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Vipi?" aliuliza Mohinder.

"Linanikaa," alisema. Ni neno tunalolitumia kwa nguo.

"Tunaweza kulijaribu nyumbani kabla ya kununua?" Glenys alimuuliza muuzaji. "Kwenye mistari yao wenyewe, na mashine zao."

Muuzaji alisita. "Kwa kawaida hatufanyi."

"Mtu halinunui trekta kwa kulizunguka kwenye lami," alisema Glenys. "Wakiridhika, umepata wateja. Wasiporidhika, umepata trekta lako."

Alikubali. Wiki iliyofuata lililetwa shambani. Jasvir alifyeka mistari mitatu, akishuka na kupanda, si kwa kukata ubavu wa kilima. Mashine ya kufyekea ilikuwa pana kuliko magurudumu kidogo, kwa hiyo haikuacha nyasi zilizolaliwa na tairi. Hakuna tawi lililovunjika. Mwisho wa mstari aligeuka mara moja, bila kurudi nyuma. Kisha alifunga tangi la dawa, akalijaza maji matupu, akapanda na kushuka nalo. Trekta ndilo lililoongoza tangi.

Mohinder alitembea kando yake, kwa mbali, upande wa juu, kama alivyofundishwa. Aliporudi bandani, macho yake yalikuwa mekundu. Alisema ni vumbi la nyasi. Lakini siku ile hapakuwa na vumbi.

Walilinunua.

Haikupita muda mrefu shamba likabadilika. Nyasi kati ya mistari zilikuwa fupi kama zulia. Nyoka akitokea, alionekana kutoka mbali, naye alihama. Jasvir aliwapigia simu wachumaji wake wa zamani. Yule aliyekutana na nyoka ndiye aliyekuja kwanza. Alisimama mwanzo wa mstari, akautazama mpaka mwisho.

"Sasa naona ninapokanyaga," alisema, akachukua ndoo.

Matawi yaliyovunjika yalikatwa, na yalichipua. Bega la Jasvir lilipona. Kile kipande cha mteremko mkali waliacha kukifyeka. Glenys aliwapa miche ya miti ya asili, na familia nzima ilipanda Jumapili moja, Tarlok akichimba mashimo kwa sururu.

"Mtu mwenye trekta la farasi mia na ishirini," alimtania Mohinder, "na leo anachimba kwa mkono."

"Nyamaza ulete mche," alisema Tarlok.

Kisha Tarlok alikuwa na lake la kusema. Alizunguka zunguka, akapangusa mikono, akakohoa.

"Jasvir, mdogo wangu. Lile trekta lako."

"Limefanya nini?"

"Nina yale mabanda ya plastiki ya matango. La kwangu haliingii mlangoni. Nimekuwa nikibeba mbolea kwa toroli miaka yote. Ungeweza kuniazima siku moja?"

Jasvir aliendelea kushindilia udongo kwenye mche wake. "Siazimi. Nitakuja nalo mwenyewe. Nikikuachia, utanirudishia limeegemea kisiki."

Mohinder alicheka mpaka akakaa chini. Tarlok alikubali masharti. Jasvir alikwenda, akaingiza mbolea yote ya msimu ndani ya mabanda, na tangu siku hiyo Tarlok hakumtaja tena mbuzi.

Mavuno yalipoanza, vikasha vya kwanza havikwenda sokoni. Mohinder alivipeleka gurudwara, nyumba yetu ya ibada kule juu ya mji, ambako kila mtu anayeingia hulishwa. Alimwomba Glenys aje naye. Glenys alifunga kitambaa kichwani, akavua viatu, akakaa sakafuni na wengine. Jasvir mwenyewe alimpakulia roti na mboga ya haradali.

"Bila wewe tungekuwa tunalia," alimwambia. "Leo tunakula. Asante, jirani."

"Nilipima tu nafasi," alisema Glenys.

"Ulimpima na dereva," alisema Jasvir.

Baada ya chakula, wanawake wawili wa mashamba ya jirani walimvuta Jasvir pembeni. Walitaka kujua hiyo shafti ya nyuma inaulizwaje, na tepu inawekwa wapi. Aliwaonyesha kwa mikono, hapo hapo mlangoni, viatu vinapovuliwa.

Asubuhi moja, mwisho wa mavuno, Bachint Kaur aliweka chini karai lake la matunda. Akachukua fimbo.

"Unakwenda wapi, Mama?" aliuliza Jasvir.

"Juu."

"Nikusindikize?"

"Njoo, lakini usinishike."

Walipanda kati ya mistari, juu ya nyasi fupi, taratibu, wakipumzika kila mahali palipo na kivuli cha wavu. Mzee alipumua kwa nguvu lakini hakusimama muda mrefu. Walifika mwisho wa mistari, mahali miche ya miti inapoanza. Kutoka pale bahari inaonekana, na paa jeupe la gurudwara, na barabara ambayo basi la Mohinder hupita.

Bachint Kaur alikaa juu ya nyasi. Alitazama muda mrefu.

"Tangu mume wangu afe sijafika hapa," alisema. "Nyasi za huku juu zilinizuia, maana yule tuliyemkodi hakufika huku. Nilidhani nimezeeka. Kumbe palikuwa hapajafyekwa."

Chini, basi la shule lilitokea kwenye kona, likapita taratibu. Dereva hakujua kwamba mama yake yuko juu akimwona.

Mzee aliutafuta mkono wa mkwewe, akaushika.

"Mimi nilimshukuru Mungu kwa kunipa mwana wa kiume," alisema. "Nilishukuru kila siku. Sikuwahi kumshukuru kwa ajili yako. Sasa nimeshukuru."

Jasvir aliukaza mkono ule. Alikaa karibu naye, wakatazama bahari mpaka jua likawa kali. Kisha wakashuka kwenda kuchambua matunda.